Aliyerudi Mwenyewe Asihesabiwe na Aliyekamatwa

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inampa mwenye biashara miezi sita baada ya kufunga mwaka wake wa hesabu ili awe amepeleka ritani TRA. Kwa wanaofunga hesabu Desemba 31, siku ya mwisho ni Juni 30. Kelele zote tunazozisikia redioni wiki hiyo zinamlenga aliyechelewa na anayekwepa. Mimi nataka kumsemea mtu wa tatu, ambaye matangazo hayamtaji: aliyepeleka kwa wakati, akalipa alichoona anadaiwa, kisha mwezi wa Agosti akapanga risiti zake upya na kugundua kwamba alichokipeleka hakikuwa sahihi.

Mtu huyo yupo kila mahali, Kariakoo na Kahama. Lakini nimechagua kumtazama akiwa Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, chini ya Usambara Mashariki, na nimechagua awe mgeni. Nina sababu. Mgeni mwenye biashara ndogo milimani ndiye anayeonyesha wazi kuliko mwingine yeyote jinsi mfumo wetu ulivyo mgumu kwa mtu anayetaka kusema kweli akiwa amechelewa. Na huruma kwake ni haba, kwa hiyo hoja yangu ikisimama kwake, itasimama kwa kila mtu.

Sigi haikuanza jana kuona biashara ya wageni. Kati ya mwaka 1904 na 1910 kampuni ya Kijerumani ilijenga reli nyembamba ya takriban kilomita 23 kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, hadi Sigi, ili ishushe mbao za misitu hii. Reli iling'olewa zamani, nyumba ya mkuu wa stesheni ikabaki, na leo wageni wa hifadhi hupokelewa hapo. Juu yake, Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997, na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Watu wanakuja kutazama ndege, vinyonga na yale maua madogo ya zambarau ambayo dunia nzima inayapanda kwenye vyungu vya dirishani bila kujua kwamba asili yake ni kwetu. Wanahitaji pa kulala, chakula na mtu wa kuwaonyesha njia.

Tumchukue basi mtu wa mfano. Ni mama wa Kijerumani mwenye vyumba vichache vya kulala wageni kwenye barabara ya kupanda Amani. Kampuni yake imesajiliwa BRELA, ana TIN, ana mashine ya EFD, ana kibali cha kazi na cha ukaazi. Nyumba si yake; amepanga kwa familia ya Muheza, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa biashara ya ukubwa huu kupanga ndiyo njia rahisi. Hesabu zake zinaandaliwa na mhasibu wa Tanga mjini, ambaye anafanyia kazi kile anacholetewa.

Wageni wake hulipa mara moja, fedha nzima: chumba, chakula, malipo ya kijana anayewaongoza msituni, na ada ya kuingia hifadhini. Ada hiyo si yake. Anaipokea na kuilipa TFS kwa namba ya malipo, na stakabadhi inatoka. Lakini kwenye ritani fedha yote imeandikwa kama mapato ya kampuni, na stakabadhi za TFS zimebaki kwenye bahasha bila kuingizwa upande wa matumizi. Hapo amejitoza kodi ya asilimia 30 juu ya fedha ambayo haikuwa faida ya mtu yeyote.

Upande wa pili amekosa kinyume chake. Kampuni inayolipa pango la nyumba ya biashara inatakiwa ikate kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Yeye alimlipa mwenye nyumba pango lote, kila mwezi, akiamini kwamba kodi ya pango ni shauri la mwenye nyumba. Kisheria asiyekata analibeba deni mwenyewe. Kuna na kosa la tatu, ambalo nimeambiwa na wahasibu kwamba ni la kawaida sana kwa biashara za wageni: malipo yaliyoingia kwa euro na dola ameyageuza yote kwa bei ya siku moja, ya mwisho wa mwaka. Mwaka 2024 jambo hilo halikuwa dogo. Dola ilivuka shilingi 2,600, kisha Desemba shilingi ikapanda kwa kasi. Sheria inataka kila kiasi kigeuzwe kwa bei ya wakati wake, na aliyetumia bei ya Desemba kwa wageni wa Julai amepunguza mapato yake bila kukusudia.

Katika karatasi moja, basi, mama huyu anaidai serikali na serikali inamdai. Hakuna aliyemkagua wala kumwandikia. Anajua yeye na mhasibu wake. Afanye nini?

Jibu la kitabuni lipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kurekebisha tathmini, na mlipakodi anaweza kumwandikia, akaeleza kosa na kuambatisha ushahidi. Kodi ya zuio anaweza kuiwasilisha kwa kuchelewa pamoja na riba. Aliyezidisha malipo anaweza kuomba arejeshewe au kiasi hicho kihamishiwe kwenye deni jingine. Uamuzi wa TRA usipomridhisha, ana siku 30 za kuweka pingamizi, mradi alipe kwanza theluthi ya kodi iliyotathminiwa au kile asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Baada ya hapo kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, Baraza, hadi Mahakama ya Rufani. Na kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 tumepata hata ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Dar es Salaam, na wakili ghorofa ya juu, utasema nchi imejitahidi. Ukiisoma ukiwa Sigi unaona kitu kingine. Karibu njia zote hizo zimejengwa kwa ajili ya mgogoro: TRA imesema, mlipakodi anabisha. Mama wa Sigi habishani na mtu. Anataka kusema, "Nilikosea, na hesabu sahihi ni hii." Kwa mtu wa namna hiyo tuna mamlaka ya Kamishna na busara ya afisa atakayepokea barua. Hatuna kanuni fupi, iliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka, inayomwambia kabla hajafungua kinywa: ukija mwenyewe utalipa hiki, na kile kitafutwa.

Kwa mgeni, kutojua huko kuna bei ya pekee. Leseni ya biashara inataka hati ya kodi ya kuonyesha kwamba huna deni au deni lako lina utaratibu. Kibali cha kazi na cha ukaazi vinasimama juu ya biashara yenye leseni. Vikifungamana hivyo, kosa la hesabu ya pango linaweza kufika hadi kwenye swali la kama mtu atalala nchini mwezi ujao. Mimi sisemi kwamba maafisa wanatumia vibali kumtisha mtu. Nasema mpangilio wenyewe unatisha, hata kila afisa akiwa malaika. Na tangu Julai 28, 2025, ilipotolewa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, kuongoza watalii na kununua mazao shambani zikiwa miongoni mwake, wageni wengi milimani wanazipitia karatasi zao kwa wasiwasi mpya. Amri ile ina hoja zake na sina ugomvi nayo hapa. Kijana wa Sigi anayezijua njia za msitu tangu utotoni anastahili kazi ya kuongoza wageni. Lakini tukubali kwamba katika hali hiyo, atakayemshauri yule mama anyamaze atasikika kuwa na busara kuliko atakayemshauri aende Tanga na bahasha yake.

Akinyamaza tunapoteza sote. Kodi ya pango haitafika hazina. Mwenye nyumba wa Muheza atabaki hana cheti cha zuio cha kuonyesha kwenye hesabu zake. Mwaka unaofuata kosa litarudiwa, safari hii kwa kujua, kwa sababu kulirekebisha la mwaka huu kutafichua la mwaka jana. Hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyogeuka mkwepaji, na hatua ya kwanza haikuwa tamaa.

Najua jibu litakalotoka upande wa pili, na nalichukua kwa uzito wote, kwa sababu linatoka kwenye kumbukumbu ya kweli. Usambara inaijua kodi ya mgeni kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kibanda cha shamba, na asiye na rupia alitoa mazao au nguvu zake. Miaka kumi baadaye, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume alipewa kipande: kadi ya kuonyesha kwamba amewafanyia kazi walowezi siku 30 ndani ya miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Babu zetu hawakupewa dirisha la kusahihisha kadi. Kwa nini leo mgeni abembelezwe?

Na si historia ya mbali peke yake. Julai 2017 TRA iliiandikia kampuni ya madini ya Acacia madai ya dola bilioni 190, kodi, riba na adhabu, kuhusu makinikia. Mwishowe, Oktoba 2019, Barrick, wamiliki wa Acacia, na serikali walikubaliana dola milioni 300 na kampuni mpya ya pamoja, Twiga. Mtu anaweza kusema mengi kuhusu makubaliano yale. Mimi nina moja tu la kusema hapa: mgeni mkubwa alikuwa na meza ya kukaa, mawakili na miaka miwili ya mazungumzo hadi namba ikabadilika. Mgeni mdogo wa Sigi hana meza hiyo. Mwenyeji mdogo hana pia. Anayedhani ugumu wa kusahihisha ritani unawabana wageni matajiri ameangalia mahali pasipo. Unawabana wale ambao hawana wakili, na wengi wao ni Watanzania.

Tulilisikia hilo Kariakoo. Mei 2023 maduka yalifungwa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 yakafungwa tena. Madai yalikuwa mengi, lakini uzi mmoja uliyapitia yote: wafanyabiashara walisema wanashughulikiwa kama wahalifu kwanza, hesabu zinatazamwa baadaye. Rais Samia mwenyewe, Aprili 2021, alikuwa amewaonya watumishi wa kodi kwamba ukusanyaji wa mabavu unaua biashara. Oktoba 2024 akazindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Kwa hiyo sileti ombi geni. Nchi nzima imekwisha kusema kwamba uhusiano huu unahitaji kutengenezwa.

Tena tumewahi kujaribu. Mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu, hadi asilimia 100, kwa waliojitokeza na kukubali kulipa kodi ya msingi. Lilikuwa jambo jema. Lakini msamaha wa namna hiyo una kasoro ndani yake. Ni tukio: unafunguliwa, unafungwa, na aliyekosea mwaka uliofuata hahusiki. Mbaya zaidi, unamfundisha mtu kusubiri. Mwenye deni akijua msamaha huja baada ya miaka kadhaa, kwa nini aende leo? Kenya wamepitia njia ileile; msamaha wao wa karibuni ulifungwa Juni 30, 2025. Ila Kenya wana kitu cha ziada ambacho nakitamani kwetu. Sheria yao ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataja waziwazi kwamba mlipakodi aliyejitathmini anaweza kuomba kurekebisha ritani yake ndani ya miaka mitano. Neno "anaweza" likiwa kwenye sheria, mwananchi haendi dirishani kama mtuhumiwa.

Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Agosti 10, 2018 iliweka haki ya kukosea: mtu aliyekosea kwa nia njema, kwa mara ya kwanza, akasahihisha mwenyewe au alipoambiwa, haadhibiwi, na kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa na nia mbaya ni ya serikali. Kodi analipa. Riba ya kuchelewa inabaki, lakini hupunguzwa kwa nusu kwa aliyejitokeza mwenyewe, na kwa asilimia 30 kwa aliyesahihisha wakati wa ukaguzi. Tazameni hesabu hiyo ilivyopangwa. Tofauti kati ya aliyekuja na aliyekutwa imeandikwa kwa namba, na kila mtu anaijua kabla hajaondoka nyumbani.

Na kwa wanaosema hili ni la wageni peke yao, wakumbuke kwamba sisi nasi tuna biashara ugenini. Vijana wetu wanasajili kampuni ndogo Marekani kwa njia ya intaneti ili wapokee malipo ya wateja wa nje. Mgeni anayemiliki kampuni ya namna hiyo peke yake, ikiwa na miamala naye, anatakiwa kupeleka fomu namba 5472 kila mwaka, hata kama kampuni haidaiwi kodi senti moja. Adhabu ya kutoipeleka inaanzia dola 25,000. Kijana wa Tanga anayeuza kazi zake za usanifu anaweza kupoteza zaidi ya alichochuma tangu aanze, kwa fomu ambayo hakujua kwamba ipo. Tukimsikitikia yeye, na mimi namsikitikia, tutafute namna ya kumtazama mama wa Sigi kwa jicho hilohilo.

Kuna jambo ambalo wanaoandika sheria hawalihisi kwa sababu hawaliishi: sheria zetu za kodi hubadilika kila Julai Mosi. Huduma za utalii ziliingizwa kwenye VAT mwaka 2016. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kilipanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200, na mwaka huohuo tozo ya mafunzo ya SDL ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kila badiliko lina sababu nzuri bungeni. Likifika milimani linakuwa fomu iliyojazwa kwa kiwango cha mwaka jana. Kwa Mjerumani kuna na hili: Tanzania imekuwa na mikataba ya kuzuia kutoza kodi mara mbili na nchi tisa, Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Ujerumani haimo, pamoja na historia yote hiyo ya Usambara. Akikosea huku, kosa linamfuata hadi kwao, na hakuna mkataba wa kulisawazisha.

Kuteleza si kuanguka, wanasema wazee, na sheria yetu yenyewe inaelekea kukubali hivyo, kwa kuwa inamtazama aliyedanganya makusudi kwa ukali kuliko aliyepotoka. Ninachoomba ni tofauti hiyo iteremshwe hadi kwa mlipakodi, ipewe namba na tarehe.

Iandikwe hivi: aliyejitokeza kabla ya kupokea barua ya ukaguzi, akaonyesha kosa lake pamoja na nyaraka, alipe kodi yote na riba, adhabu ifutwe. Riba isiguswe, maana fedha ya umma ilikaa mkononi mwake na wengine waliolipa kwa wakati wasionekane wajinga. Alichozidisha kihesabiwe palepale dhidi ya anachodaiwa, badala ya kumwambia alipe leo na adai kesho. Na wakati marekebisho yanashughulikiwa, hati ya kodi isizuiwe. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote kwa mtu wa Sigi. Bila hilo, mengine hatathubutu kuyagusa. Kwa anayerudia kosa lilelile mwaka wa pili na wa tatu, milango hii ifungwe, na sitamtetea.

Mengine hayahitaji hata Bunge. Mfumo wa mtandaoni wa TRA uwe na sehemu ya kusahihisha ritani iliyo wazi kama ile ya kuiwasilisha, yenye maelezo ya Kiswahili, ikionyesha kiasi kipya papo hapo. Ofisi ya TRA ya Tanga ipeleke afisa Muheza na Lushoto kwa siku chache kila Septemba, msimu wa wageni wengi unapopungua na watu wana nafasi ya kufungua bahasha zao, kazi yake ikiwa kupokea masahihisho peke yake, bila kukagua. Akae na mwenye nyumba ya wageni, na mnunuzi wa iliki na mdalasini, na mwenye duka la Amani, raia na asiye raia kwenye benchi moja.

Bunge la bajeti huanza Aprili na Sheria ya Fedha hupitishwa Juni. Wabunge wa Muheza na Lushoto wana muda wa kutosha wa kukipeleka kifungu hiki kwenye Kamati ya Bajeti, na wahasibu wa Tanga wana mifano ya kutosha ya kuwapa, majina yakiwa yamefutwa.